Ngeli za Kosa: Utangulizi wa Elimu ya Patasi Iliyoteleza

Wataalamu wa uchongaji wamekwisha kuvipanga vinyago kwa kila kigezo kilichowajia. Vimepangwa kwa kabila, kwa karne, kwa aina ya mti, kwa urefu, kwa rafu ya makumbusho, na vingine kwa jina la Mzungu aliyevinunua. Kigezo kimoja hakijaguswa, nacho ndicho kinachoamua sura ya kazi kuliko vyote: kosa. Makala haya yanakuja kuziba pengo hilo. Nimeyagawa makosa ya patasi katika ngeli sita, pamoja na kapu moja la mabaki ambalo kila mwainishaji hulificha chini ya meza. Msomaji atakayeona ngeli sita ni nyingi hajawahi kukaa karibu na fundi aliyeahidi kazi kwa Ijumaa.

Msingi wa elimu hii ni kanuni moja: patasi inajua kutoa, haijui kurudisha. Fundi cherehani akikosea hufumua mshono, mwashi huongeza udongo, mpishi huongeza maji na wageni wasijue. Mchongaji akishapiga, kilichoanguka chini ni kuni. Kutokana na kanuni hiyo tunapata hitimisho la kwanza, kwamba kila kinyago ni kumbukumbu ya vitu vilivyoondolewa. Hitimisho la pili ni kwamba fundi huijua kazi yake ni nini baada ya kuimaliza. Akikwambia aliijua kabla, anakuuzia.

Sasa fasili. Kosa ni tofauti baina ya kilichokusudiwa na kilichobaki, mbele ya shahidi. Sharti la shahidi haliepukiki. Kosa lisilo na shahidi huitwa mtindo, na mtindo ukipata mnunuzi wa pili huitwa utamaduni.

Neno moja kuhusu vifaa, kwa wale waliosoma sana na kuchonga kidogo. Kazi ya mpingo huanza kwa msumeno na shoka, ikafuata tezo inayotoa umbo la jumla, ndipo patasi ikaingia, kisha tupa, kisha msasa, na mwisho kung'arisha. Fundi wa Kimakonde hukaa chini na kulibana gogo kwa miguu, hivyo kwamba patasi ikiteleza inajua pa kwenda. Patasi nyingi si za dukani. Mhunzi huzifua kutoka kwenye chuma chakavu, springi ya gari ikiwa ndiyo inayopendwa, na kila fundi huwa nazo za mapana mbalimbali, bapa kwa sehemu tambarare, za mviringo kwa mashimo na mikunjo. Jinsi zinavyonolewa ni elimu nyingine. Makali membamba hupita vizuri kwenye mti laini, lakini kwenye mpingo hukatika meno kabla ya saa sita mchana, kwa hiyo patasi ya mpingo huachiwa mteremko mnene zaidi nyuma ya makali. Na patasi butu ndiyo inayokata vidole. Iliyo kali huingia kwa kugongwa kidogo, ila butu hutaka nguvu, na nguvu ikishatolewa haisikilizi tena. Ndiyo maana napendekeza kinoo kikavu kitambuliwe rasmi kuwa baba wa makosa mengi yatakayotajwa hapa chini.

Ngeli ya kwanza ni makosa ya mti. Haya hayana mkosaji, na kwa hiyo ndiyo yanayotajwa zaidi na wakosaji. Mpingo, mti wa taifa wa Tanzania, ndio ule ule unaotengenezewa zumari za Ulaya, klarineti na oboe. Ukiutia majini unazama. Hukua polepole mno: gogo la maana linaweza kutaka miaka 70 na zaidi, yaani mti unaochongwa leo ulikuwa mche kabla babu wa mchongaji hajaoa. Na baada ya kusubiri muda wote huo, mara nyingi mti wenyewe ni mfupi, umepinda, una mifereji ubavuni, na ndani ya moyo umepasuka au umekuwa tundu. Mwenye kiwanda cha klarineti akiona hivyo hutupa sehemu kubwa. Mchongaji hatupi.

Mtazame akipokea gogo. Kwanza analiinua, maana uzito wenyewe ni ushuhuda. Halafu analigonga kwa mgongo wa tezo, anasogea kidogo, anagonga tena. Mpingo mzima hulia, na sauti yake hukaa hewani. Wenye ufa hutoa mlio mfupi unaokatika. Akishajua ufa uko wapi hapigi hodi pale tena. Ataupitisha katikati ya miguu ya mtu, au kati ya mama na mtoto, au kwenye mdomo, mahali ambapo pangetakiwa kuchimbwa hata hivyo. Mtalii atasifu jinsi mama alivyoinamia mtoto wake kwa huruma. Ameinama kwa sababu upande wa pili wa gogo haukuwepo.

Chini ya ngeli hii umo pia weupe wa nje, ile mbao changa ya manjano inayozunguka moyo mweusi. Mafundi wa zamani waliiondoa yote. Wa sasa huiacha makusudi ikawa nywele, nguo au ukingo wa wingu, na hapa elimu yetu inapata mfano wake wa kwanza wa kosa kupata kazi. Nitaje pia kosa la kuchelewa. Mti usiokauka vizuri hupasuka baadaye, ndiyo maana magogo huwekwa kivulini na ncha zake hupakwa nta au rangi zisipoteze maji haraka. Kinyago kilichochongwa kwenye unyevu wa Dar es Salaam, kikapelekwa Hamburg na kuwekwa juu ya kipasha joto wakati wa baridi, hupasuka usiku mmoja kwa mlio unaowaamsha watu. Fundi wakati huo yuko Mwenge, kwenye soko la vinyago la Dar es Salaam, anakula mihogo. Shahidi yupo, mkosaji hayupo, na ainisho letu halina namna ya kuwakutanisha.

Ngeli ya pili ni makosa ya mkono, nayo ina spishi nne: mtelezo, mpigo wa kupindukia, hamaki, na simu ya mkononi. Hamaki na simu zinajieleza zenyewe. Mpigo wa kupindukia ulikwisha kushughulikiwa na Han Fei, mwanafalsafa wa China wa karne ya 3 kabla ya Kristo, ambaye katika maandishi yake tunakuta shauri hili kwa wachongaji: pua ianze kubwa na macho yaanze madogo. Pua kubwa inapungua, ndogo haikui. Jicho dogo linapanuka, kubwa halirudi. Shauri hilo lilikusudiwa watawala, wasifanye jambo lisilotanguka, lakini hatujasikia watawala waliolifuata. Wachongaji wanalifuata. Nenda kwenye kibanda chochote uangalie kazi ambayo haijakamilika: watu wote wana pua za kutisha na macho ya mtu anayesinzia.

Mtelezo unataka maelezo zaidi kwa sababu ndio unaodhaniwa kuwa bahati mbaya, kumbe una fizikia yake. Mbao ina nyuzi, na nyuzi zinakwenda upande mmoja, kutoka mizizini kwenda matawini. Patasi inayokwenda nazo hukata. Ikielekezwa kinyume huchimba chini yake, na kabla fundi hajavuta pumzi banzi limeng'oka refu kuliko lilivyoombwa. Hatari kubwa iko pale umbo linapokatiza nyuzi. Ukichonga mtu aliyesimama kutoka kwenye gogo lililosimama, mwili wake unafuata nyuzi na una nguvu. Ukimnyooshea mkono pembeni, nyuzi za mkono huo zinakuwa fupi fupi, kila moja imekatwa juu na chini, na mkono mzima unashikwa na matumaini. Utavunjika siku ya kuchongwa, au siku ya kufungwa kwenye gazeti, au uwanja wa ndege.

Vimeandikwa vitabu kuhusu sanamu za Afrika zinazoweka mikono tumboni. Wamesema ni ishara ya uzazi, ya utulivu, ya nguvu za mababu. Sibishi. Naongeza tu kwamba mkono uliokaa tumboni hauvunjiki.

Tiba za ngeli hii zinajulikana na kila mtu isipokuwa mnunuzi. Kwa mpingo, vumbi laini la tupa huchanganywa na gundi ile ya kukamata upesi, likasindiliwa kwenye ufa, likapigwa msasa. Likikauka, jicho halioni kitu. Ikiwa mti wenyewe si mpingo bali ni mti mwepesi uliovalishwa rangi ya viatu, basi tiba imefunika mwili mzima na kosa limekuwa la kisheria. Njia ya uchunguzi ni ya kale: kipime kinyago uzito mkononi, kikwaruze chini ya kitako, kisha kisugue kwa leso nyeupe huku ukimtazama muuzaji badala ya leso.

Ngeli ya tatu ndiyo yenye mali nyingi zaidi, nayo ni makosa yaliyobadilishwa jina. Makao yake makuu ni Ukambani. Husimuliwa kuwa Mutisya wa Munge wa Wamunyu, katika Machakos ya leo, alikwenda Tanganyika kama askari wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akawaona wachongaji wa huko, akarudi nyumbani na ufundi. Alichokileta kilienea kutoka kwa jirani hadi jirani mpaka Nairobi na Mombasa, na chama cha ushirika cha wachongaji wa Kikamba huko Changamwe kilianza mwaka 1963. Huko kazi imegawanywa kwa nidhamu ya kiwanda. Yupo wa twiga, yupo wa tembo, yupo wa swala, na mtu anaweza kuchonga twiga maisha yake yote bila kuulizwa kuhusu mnyama mwingine. Mti waliouzoea ni muhugu, nao ulipungua msituni kwa kuchongwa, hata kampeni za miaka ya 1990 zikawahimiza wahamie kwenye mwarobaini na mwembe, miti ya shambani inayokua upesi. Muhugu ulikuwa mgumu na mwenye subira. Mwembe ni mlaini na una nyuzi zinazopinda, kwa hiyo mabadiliko hayo, mema kabisa kwa misitu, yameongeza data za utafiti wangu.

Data hizo ndizo zilizonipa Nadharia ya Mshuko wa Wanyama. Tembo aliyepoteza mkonga hushuka kuwa kiboko. Twiga aliyevunjika shingo huwa punda milia, na hapa rangi husaidia. Kiboko mwenye ufa mgongoni huchongwa upya kuwa kobe. Kobe aliyeshindwa hupinduliwa na kuchimbwa akawa bakuli. Bakuli lililotoboka hupasuliwa likatoa vijiko viwili vya saladi, kimoja kirefu kidogo kuliko mwenzake. Na kijiko kilichokatika mpini huishia kuwa kishika funguo. Mwelekeo ni mmoja tu. Hakuna ushahidi, kutoka Lamu hadi Mtwara, wa kijiko kilichopanda kikawa tembo. Wanabiolojia watanisamehe, lakini mfumo wao una mahali ambapo viumbe huwa vikubwa na kupata viungo vipya. Wetu hauna. Kila mnyama wa mbao yuko safarini kuelekea kwenye mfuko wa suruali wa mtu fulani.

Mazungumzo yafuatayo, kati ya mwanagenzi na mkubwa wake, yanaonyesha nadharia ikifanya kazi:

"Mzee, mkonga umeondoka."

"Umeondoka wenyewe?"

"Patasi iliteleza, Mzee."

"Basi huyo ni kiboko. Ondoa masikio, ongeza tumbo."

"Tumbo naliongezaje, Mzee?"

"Punguza kila kitu kingine."

Jibu la mwisho linastahili kuandikwa kwenye mlango wa kila chuo cha sanaa. Wachumi nao wangefaidika, ila tukae kwenye mada.

Ngeli ya nne ni makosa yaliyopandishwa cheo. Tofauti yake na ya tatu ni kwamba hapa bei haishuki. Miaka ya 1950 Wamakonde wengi kutoka upande wa Msumbiji walikuwa wamehamia Tanganyika kutafuta kazi, na baadhi yao wakachonga kwa ajili ya maduka ya Dar es Salaam. Kati ya wenye maduka hao alikuwapo Mohamed Peera, na kati ya wachongaji waliomletea kazi alikuwapo Samaki Likankoa. Inasimuliwa kwamba Samaki alichonga kinyago cha mtu wa kawaida, kikavunjika, na badala ya kukitupa akaendelea kukichonga kwa kufuata pale kilipovunjikia, hata kikawa kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Peera akakitaka, akataka na vingine. Hivyo ndivyo, kwa simulizi hiyo, ulivyozaliwa mtindo wa shetani: jicho moja, mguu uliogeuka mkono, ziwa linaloning'inia mpaka likawa mpini, mdomo ulioanza usoni na kuishia kiunoni.

Kwa mtazamo wa elimumakosa, shetani ni uvumbuzi mkubwa kuliko gundi. Umeondoa shahidi. Nani atasimama mahakamani aseme shetani yule alikusudiwa kuwa na vidole vitano? Kila mtelezo ni kiungo, kila ufa ni mdomo. Mafundi wenyewe hukataa maelezo haya, na wana haki. Wanasema mashetani wapo, wanajulikana porini na majini, wana majina na tabia, na hachongwi yeyote tu. Ukimkalia fundi wa shetani kwa muda utaona pia kwamba kinyago kizuri cha aina hiyo ni kigumu kuliko cha mtu, kwa sababu uzito wake lazima usimame juu ya mguu mmoja mwembamba uliopinda, na nyuzi, kama tulivyoona, hazina huruma. Nadharia yangu inayumba hapa kidogo. Mguu ule hauyumbi.

Karibu na shetani kuna ujamaa, ule mnara wa watu waliopandiana mabegani kutoka gogo moja, kichwa juu ya kichwa, babu chini na vitukuu juu. Mtindo huo hutajwa kuwa ni wa Roberto Yakobo, na ulikuwapo kabla siasa haijaupatia jina; baada ya Azimio la Arusha la 1967 haukuweza tena kuitwa kitu kingine. Kitaalamu, ujamaa ni bima. Katika kinyago cha mtu mmoja, kichwa kikivunjika umebaki na kiwiliwili. Katika mnara wa watu 20, kichwa kilichovunjika huwa goti la jirani, na jamii inaendelea. Hesabu ya watu haiulizwi. Nimewahi kuona mnunuzi akihesabu kutoka chini, akafika katikati akakuta mkono usio na mwenyewe, akaanza upya.

Hapa inabidi kumtaja George Lilanga, aliyezaliwa 1934 na kufariki 2005, kwa sababu alianza na patasi na mpingo, akafika Nyumba ya Sanaa Dar es Salaam, na hatimaye akawa maarufu duniani kwa picha za rangi zenye mashetani wale wale wenye masikio mapana na miguu ya vidole vichache. Wengine huliona jambo hili kama kukua kwa msanii. Elimu yetu inamwandika kama mkimbizi: alihama kutoka nchi ambamo kosa ni la milele, akaenda kwenye nchi ambamo linafunikwa kwa brashi.

Ngeli ya tano ni makosa yaliyorudiwa, na makao yake ni mlangoni. Milango ya nakshi ya Lamu na ya Mji Mkongwe wa Zanzibar ina tabia moja inayoitofautisha na vinyago: ina pande mbili zinazotazamana. Kuna mwimo wa kulia na wa kushoto, kuna mbao mbili zinazokutana kwenye mfaa, kuna kizingiti cha juu kinachoanza kati na kwenda huku na huku. Chochote kinachotokea kulia kinaonekana kama hakikutokea kushoto.

Angalia kazi inavyokwenda. Fundi huchora kwanza kwa penseli na bikari, duara ndani ya duara. Kisha huzifuata alama kwa patasi nyembamba iliyosimamishwa wima, akigonga kidogo kidogo kwa nyundo ya mbao, kila pigo likiacha mkato usiozidi upana wa kucha. Mipaka ikishakatwa, uwanja unaozunguka ua hushushwa kwa patasi bapa, ua likabaki juu. Mnyororo hupanda kuzunguka fremu yote, mawimbi na samaki hukaa chini karibu na ardhi, waridi na yungiyungi hukaa juu. Siku kumi za kazi ziko kwenye nafasi unayoweza kuifunika kwa kanga moja. Sasa jani moja la waridi la kulia likikatika, fundi ana njia tatu. Anaweza kubadilisha ubao, jambo ambalo mwenye nyumba halipendi. Anaweza kulibandika, jambo ambalo mvua ya masika hailipendi. Au anaweza kwenda upande wa kushoto na kulikata jani lile lile kwa utulivu kabisa. Kosa likirudiwa mara mbili kwa kulingana huwa nakshi, na likirudiwa kwenye mlango wa jirani huwa ndiyo namna ya mji ule.

Kuna sehemu moja ya mlango isiyokubali hila hizi, nayo ni maandishi ya Kiarabu kwenye kizingiti. Ua lililokosa jani bado ni ua. Aya iliyokosa nukta ina wasomaji, na wasomaji hao hupita mlangoni mara tano kwa siku wakienda na kurudi msikitini. Huenda ndiyo sababu milango mingi imeridhika na maua.

Wenye kuwatembeza wageni Mji Mkongwe husema misumari mikubwa ya shaba iliyochongoka milangoni ilitoka India, ambako ilizuia tembo wa vita wasisukume milango kwa vichwa. Zanzibar hapakuwa na tembo wa vita, hata enzi za Sayyid Barghash aliyejenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, na pembe za ndovu ziliingia mjini zikiwa hazina tena mwenyewe wa kusukuma. Wanahistoria wanasema misumari ilibaki kama pambo na alama ya ukwasi. Mimi nilipoona mlango mmoja wenye msumari mkubwa peke yake mahali ambapo kanuni ya mpangilio haikuudai, nilianza kuwa na dhana nyingine. Naiacha kwa watafiti wenye ngazi.

Ngeli ya sita ni makosa yaliyorithiwa, na hapa tunaacha mti twende kwenye jiwe, kwa kuwa jiwe hudumu kuliko aliyelikosea. Wajenzi wa pwani walichonga matumbawe, aina ile laini yenye chembe ndogo inayotolewa baharini ikiwa bado mbichi. Likitoka majini hukatika vizuri. Likikaa hewani hukaza. Fundi wa matumbawe kwa hiyo alikuwa na saa inayomhesabia, na kosa lake lilikuwa na nafasi ya kurekebishwa mpaka jiwe litakapoamua kwamba basi. Kwenye kibla cha msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, yapo maandishi ya Kikufi yenye mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107. Kama kuna herufi iliyoteleza humo, imekaa zaidi ya miaka 900 na sasa inalindwa kwa sheria.

Tabaka, huko Kisii, jiwe ni kinyume chake. Ni laini kiasi kwamba ukucha huacha alama. Hukatwa kwa msumeno na panga, huchongwa likiwa na maji, kisha husuguliwa kwa msasa ndani ya karai, na kazi hiyo ya kusugua kwa kawaida ni ya wanawake. Lina weupe, lina waridi, lina kijivu, na rangi haijulikani vizuri mpaka limelowa. Jiwe hili halina nyuzi, kwa hiyo halimpi fundi onyo lolote. Linakubali, linakubali, halafu linakatika. Mshuko wa Wanyama huku ni wa kasi sana na kituo chake cha mwisho si kishika funguo. Ni yai. Mayai ya mawe ya Kisii yanauzwa kila mahali, yameng'arishwa vizuri, na mnunuzi hujiuliza nani alihitaji yai la jiwe. Hakuna aliyelihitaji. Ni kiboko.

Mfano mkuu wa ngeli hii lakini uko Italia. Mwaka 1464 mchongaji Agostino di Duccio alipewa bonge kubwa la marumaru kutoka Carrara kwa ajili ya kanisa kuu la Florence, akaanza, akaacha. Mwaka 1476 Antonio Rossellino akalishika, naye akaachia. Jiwe likalala uani likinyeshewa kwa miaka 25 hivi, limekwisha kuchimbwa vibaya na ni jembamba ubavuni, hadi mwaka 1501 walipompa kijana wa miaka 26 aliyeitwa Michelangelo. Mwaka 1504 akatoa Daudi, mwenye urefu wa zaidi ya mita 5. Mtu huyo amesimama vile alivyosimama kwa sehemu kwa sababu ya mahali ambapo wenzake waliotangulia walikuwa wameshapiga. Mwishoni mwa maisha, Michelangelo alijifanyia mwenyewe kazi hiyo hiyo: katika Pietà ya Rondanini, iliyoko Milan, alibadilisha nia katikati, akachonga mwili mpya ndani ya ule wa zamani, na mkono wa yule wa kwanza umebaki umesimama pembeni, hauungani na bega la mtu yeyote. Alikuwa nayo bado alipofariki mwaka 1564. Wataalamu wameuandikia mkono huo kurasa nyingi. Mmakonde angeuliza tu ni wa nani kwenye ule mnara.

Limebaki kapu la chini ya meza, yaani makosa yasiyo na ngeli, nami nitaweka humo kisa kimoja. Katika kibanda kimoja cha Mwenge nilimkuta mama akikagua ujamaa wa wastani, wenye urefu wa mkono. Aliupenda, bei ilikwisha kushuka mara mbili, na mzee aliyeuchonga alikuwa ameshaanza kutafuta gazeti la kuufungia. Kisha mama akasita.

"Mzee wangu, shikamoo tena. Huyu wa katikati mbona ana vidole sita?"

Mzee akachukua miwani, akavaa, akakigeuza kinyago kwenye mwanga. Akahesabu kwa ncha ya patasi, taratibu, kutoka dole gumba.

"Marahaba. Vitano."

"Na hiki?"

"Hicho cha mtu wa nyuma."

Mama akazunguka meza. Nyuma palikuwa na mgongo, laini, umepigwa msasa vizuri sana, na hapakuwa na mtu.

"Nyuma hakuna mtu, Mzee."

"Ndiyo," akasema yule mzee, akirudisha miwani mfukoni. "Huyo nilimtoa jana."